Mshale Kwenye Damu ya Mama Mkwe

Nilizaliwa na ugonjwa wa kuuliza, na sijawahi kuutafutia dawa. Nina duka la pembejeo mjini Kitale. Nauza mbegu, mbolea na dawa za mimea, lakini kazi ninayoifanya zaidi ya kuuza ni kuuliza. Mkulima akija kutafuta dawa ya viwavi, namuuliza alipanda lini, jirani yake amenyunyizia nini, na majani yanakauka kuanzia juu au kuanzia chini. Wengine hukasirika wakahamia duka la pili. Wengi hurudi.

Kwa hiyo karatasi ya vipimo vya mama mkwe wangu iliponifikia, niliisoma jinsi ninavyosoma gunia la mbolea. Ilikuwa imejaa maneno ya Kiingereza na namba, na kando ya neno moja palikuwa na mshale mdogo ulioelekea juu. Neno lenyewe nalijua vizuri kwa sababu liko kwenye magunia yangu: potasiamu. Nilishangaa kulikuta ndani ya mtu.

Mama mkwe wangu ni mjane, na anaishi kwenye shamba lake upande wa Mabanga, nje kidogo ya mji wa Bungoma. Ana mahindi, maharagwe, migomba, na ng'ombe mmoja ambaye yeye humsalimia kabla ya kusalimia wageni. Presha amekuwa nayo muda mrefu. Kila siku ya kliniki huvaa kitambaa chake cha kanisa, akaenda hospitali moja ya mjini Bungoma, akajibu "Ndiyo, dakitari" kwa kila anachoambiwa. Akiambiwa ameze vidonge, anameza. Akiambiwa apunguze chai, anapunguza, ingawa kikombe chake alikibadilisha kikawa kikubwa zaidi.

Siku moja, akiwa ametoka kupimwa damu, alipigiwa simu. Sauti ya mwanamke ilimwambia arudi hospitali haraka, damu yake si nzuri, kisha simu ikakatika. Alipopiga, haikushikwa. Akampigia mwanawe, yaani mume wangu, ambaye ni mtumishi wa serikali hapa Kitale, naye akanipigia mimi, nikafunga duka. Tulipofika Bungoma tulimkuta kwenye benchi, mkoba mapajani, na hapakuwa na mtu aliyejua kwa nini yuko pale.

"Nani alikupigia, mama?" muuguzi wa zamu akamuuliza.

"Si ni nyinyi?"

"Mwenye alikuwa asubuhi ametoka. Hakuacha neno."

Tulisubiri mpaka miguu ikafa ganzi. Daktari alipotuona, aliitazama karatasi, akatazama mlango ambako foleni ilikuwa inazidi kusogea ndani, akasema potasiamu iko juu na figo zimechoka. Apimwe tena. Ikibaki hivyo, itabidi tuanze kufikiria mashine. Alimaanisha mashine ya kusafisha damu. Nikamuuliza potasiamu inafanya nini mwilini.

"Hayo ni mambo ya maabara, madam. Wacha sisi tushughulike nayo."

Ni muuguzi ndiye aliyetuambia zaidi, naye alituambia akiwa anapita ukumbini na sinia mkononi: "Hiyo ikipanda sana, moyo husimama tu, hata mtu akiwa anatembea." Akaingia chumba kingine. Nilibaki nikiutazama mlango ule, nikimngojea atoke amalizie, lakini hakutoka.

Mama mkwe aliichukua karatasi, akaweka kidole juu ya ule mshale.

"Huu unaonyesha mbinguni," akasema.

Mume wangu hakucheka. Mimi nilicheka, mama mkwe akacheka pamoja nami, kisha akanishika mkono akaubana. Hapo nikajua anaogopa. Tulipokuwa tunatoka akaniambia kwa sauti ya chini, maana hata mimi huniita mama, "Mimi siogopi kufa, mama. Naogopa kufungwa kwa hiyo mashine kama ng'ombe wa kukamuliwa, niache shamba liote nyasi."

Kipimo cha pili hakikutoa jibu. Mtu wa maabara alitokeza kichwa dirishani akasema sampuli imevunjika, tulete nyingine.

"Damu inavunjikaje?" mama mkwe akauliza. "Ni chungu?"

Dirisha lilikuwa limeshafungwa. Baadaye nilikuja kujua kwamba damu ikitikiswa sana au ikikaa sana kabla ya kupimwa, chembe zake hupasuka zikamwaga potasiamu iliyokuwa ndani, na mashine ikasoma namba ya uongo. Ni jambo rahisi kueleza. Lingeelezwa dirishani pale kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Lakini halikuelezwa, na mume wangu akaelewa kivyake: mashine ya Bungoma ni mbovu.

Tukamleta mama Kitale. Alikaa kwetu wiki kadhaa tukingojea nafasi katika hospitali nyingine. Nampenda mama mkwe wangu, lakini kukaa naye jikoni kunataka moyo. Wazazi wangu walitoka mkoa wa Kati wakaja kulima Trans-Nzoia, nami nilijifunza kupika kwa mama yangu. Kwa mama mkwe, hilo ni kosa la kuvumiliwa tu.

"Mama," aliniambia siku ya kwanza, akitafuna sukuma wiki yangu taratibu, "hizi mboga bado ziko hai."

Siku ya pili nikampikia kunde. Akala, akashukuru, akamwambia mwanawe kwamba watu wa kwetu huponda kila kitu kwa mwiko kwa sababu hawana subira ya kukilainisha. Nilimwekea ndizi za kuiva baada ya kila mlo ili asahau mboga.

Siku ya kipimo ikafika. Tuliitazama karatasi sote watatu, vichwa vikigongana. Hapakuwa na mshale.

Mume wangu nusura acheze pale pale kwenye lango la hospitali. "Niliwaambia! Ile mashine ya Bungoma ni takataka, bana." Mama mkwe akaimba wimbo wa kanisa njia nzima, akarudi Mabanga kupalilia.

Alipoenda kliniki Bungoma tena, mshale ulikuwa pale pale, na safari hii ilikuwa miwili. Tukamrudisha Kitale, akakaa kwetu likizo nzima ya shule pamoja na wajukuu, tukampima. Hakuna mshale. Akarudi kwake, Bungoma wakampima: mshale. Mama mkwe wangu akawa mgonjwa Bungoma na mzima Kitale. Majirani wakaanza kusema hewa ya Kitale ni nzuri. Kanisani wakamwombea. Daktari wa Bungoma, ambaye kila mara alikuwa mwingine, alisema kila mara lile lile kuhusu mashine, na nilipomwonyesha karatasi za Kitale aliniambia hawezi kujua wenzake wanatumia vifaa gani. Wa Kitale nao walipoona za Bungoma waliniambia hivyo hivyo. Nilitamani niwafungie wote wawili katika chumba kimoja na birika la chai.

Mume wangu alikata shauri. "Kliniki ya Bungoma, basi. Asirudi huko. Wanataka kumfunga mamangu kwa mashine bure."

"Na kama ni ya Kitale ndiyo inadanganya?"

"Itadanganyaje na inasema yuko sawa?"

Hapo ndipo nilipokosa raha. Watu hawashuku habari njema. Mimi huishuku sana. Ikiwa Bungoma inadanganya, mama atafungwa mashine bila sababu. Ikiwa Kitale inadanganya, ataanguka siku moja kati ya mistari ya mahindi, jembe mkononi, na sisi tukiwa tumemwambia ni mzima. Swali hilo lilinikaa kama mwiba wa samaki kooni. Lazima duniani kulikuwa na mtu wa kulijibu, lakini hakuna aliyekuwa anashika simu.

Nikafanya kile ninachowaambia wakulima wafanye wakiona shamba moja lina ugonjwa na la pili halina: linganisha. Safari iliyofuata ya kliniki nilienda naye, nami nikaomba kupimwa damu. Wakaniuliza naumwa nini. Nikasema najisikia mchovu, jambo ambalo kwa mwanamke mwenye duka na watoto si uongo. Tulichomwa na mtu yule yule, damu zetu zikawekwa kwenye kisanduku kimoja, zikapelekwa pamoja. Majibu yakatoka. Yangu hayakuwa na mshale. Yake yalikuwa nao.

Basi mashine haikuwa mbovu. Nakumbuka nilivyosimama pale nje nikihisi vitu viwili kwa pamoja, hofu na raha, ile raha ya kuona kitendawili kinaanza kulegea. Kama Bungoma inasema kweli na Kitale inasema kweli, basi kuna kitu kiko Bungoma ambacho hakiko Kitale, na kinaingia kwa mama.

Nikaanza na mbolea, kwa kuwa ndiyo ninayoijua. Mama hupanda kwa mkono, anachota mbolea kwa vidole akidondosha kwenye shimo. Labda inapenya ngozi. Nikampelekea glavu. Alizivaa akacheka mpaka akakaa chini, akasema anaonekana kama anayetaka kumzalisha ng'ombe. Halafu nikakumbuka msimu wa kupanda ulikuwa umepita zamani na mshale haukujali. Nikashuku maji ya kisima. Lakini jirani zake wanayanywa. Nikasoma mahali kwamba ndizi zina potasiamu, nikaruka, kisha nikakumbuka ndizi nilizomlisha Kitale kila siku bila mshale.

"Bado umpime ng'ombe," mume wangu akaniambia kwenye simu.

Nililala Mabanga wikendi hiyo. Jumamosi mchana mama akapika mrenda na kunde, ugali wa wimbi pembeni. Nataka kusema wazi kwamba mboga zile zilikuwa tamu. Zilikuwa laini, zikiteleza, zenye ladha ya chini kabisa kama ya moshi, na nilikula mpaka nikaona haya. Ndipo nikamuuliza, kwa wivu tu wa mpishi, anazilainisha vipi hivi.

"Si ni munyu," akasema, akaonyesha nyuma ya jiko kwa kidevu.

Nimekiona kile kitu tangu niolewe. Karibu kila jiko la huku linacho, na kwetu hakipo. Hukausha maganda ya maharagwe na ya ndizi, wakayachoma, majivu wakayatia kwenye mkebe uliotobolewa chini, wakamimina maji juu. Yanayodondoka chini ni maji ya rangi ya chai nzito, na hayo ndiyo munyu. Ukitia kidogo kwenye sufuria, kunde ngumu kama ngozi husalimu amri. Mama mkwe alijaribu kunifundisha nilipoolewa, nikasema nitajifunza, akajua sitajifunza.

"Ulikuwa unatia mwingi hivi zamani?" nikamuuliza.

"Zamani nilikuwa nachanganya na ya duka. Lakini dakitari alisema niache chumvi. Nikaacha kabisa, hata ukitafuta hii nyumba huwezi pata. Sasa ni munyu tu, na naongeza kidogo ndio mboga isikie. Ni majivu, haina kemikali. Wazee wetu walikula hii na hakuna mtu aliwaambia mambo ya figo."

Alisema hivyo kwa fahari ya mtoto aliyefanya kazi yote ya shule. Nami nikaacha kutafuna. Siku chache kabla ya hapo mkulima mmoja kutoka Tongaren alikuja dukani akaniuliza kama anaweza kutumia majivu badala ya mbolea. Nilimjibu kwa mdomo huu huu. Nilimwambia majivu hayatampa yote anayohitaji, lakini potasiamu yamejaa tele.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikitazama kile kibakuli cha mboga tamu, nikamtazama mama anayenirundikia nyingine, na sikuwa na uhakika wa lolote. Mimi ni mwuza mbolea. Nikaomba tu anijazie chupa ya munyu niende nayo.

"Hatimaye," akasema, macho yakimng'aa, "utapika."

Jumatatu nilimleta Kitale pamoja na chupa yake. Tulimpata daktari kijana, mtoto wa Pwani, mwenye Kiswahili kilichonyooka mpaka mama akawa ananiuliza kwa jicho amesema nini. Nikaweka chupa mezani, nikaeleza. Nilitegemea aniambie ni mambo ya maabara.

"Maji ya majivu?" akauliza. "Mwayala na chakula?"

Akaifungua, akanusa, akamwita mwenzake naye akanusa. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya tangu mwanzo wa safari ile: alivuta kiti akakaa mbele ya mama, si mbele ya karatasi. Akamweleza kwamba moyo hupigiwa ngoma na vitu vichache vilivyomo kwenye damu, na potasiamu ni mmojawapo wa wapigaji. Figo zikiwa nzima, humtoa anayezidi. Zikiwa zimechoka kidogo, kama zake, hushindwa, naye akibaki mwingi huharibu ngoma. Na kidonge kimoja cha presha anachomeza kila siku nacho humzuia asitoke. Kwa mtu mwenye figo nzima, kama mimi, kula munyu wa hapa na pale hakungeonekana kwenye kipimo. Kwake yeye ilikuwa kumimina maji kwenye ndoo iliyokwisha kujaa.

"Kwa hivyo Bungoma hawakudanganya," mama akasema polepole.

"Hapana, bibi. Wala sisi hatukudanganya. Ulipokuwa kwa mkweo ulikuwa huli munyu."

Mama akanigeukia. "Kumbe ni hizo mboga zako mbaya."

"Ni hizo, mama."

Daktari alimbadilishia kidonge kile, akamkataza munyu, na chumvi ya duka akamwambia kidogo sana. Akasema mashine isitajwe kwanza. Kisha akachukua simu yake mbele yetu ili awajulishe wenzake wa Bungoma. Ililia, ikalia, haikushikwa. Aliirudisha mfukoni akatutazama, na kwa mara ya kwanza nikamwonea daktari huruma.

Mama alirudi kwake. Sikuwepo alipoondoa ule mkebe, lakini aliniambia kwamba aliyamwaga majivu kwenye migomba na mkebe akauegemeza ukutani, hakuutupa. Mamake ndiye aliyemfundisha kuchagua maganda ya kuchoma.

Kliniki iliyofuata nilienda naye Bungoma. Daktari, mwingine tena, aliitazama karatasi. Mshale haukuwepo. Akasema, "Iko sawa sasa, mama, endelea hivyo hivyo," akanyoosha mkono kuchukua faili la mtu mwingine.

Hakuuliza imeshukaje. Nilifungua kinywa nimweleze habari ya munyu, akasema kwa upole, "Kuna watu wanangoja, madam." Na kweli walikuwepo. Nilitaka kumshika koti. Mwezi uliopita walikuwa wanataka kumtia mama huyu kwenye mashine, leo amepona, na hakuna mtu pale ndani aliyetamani kujua kwa nini. Sielewi mtu anawezaje kuishi hivyo.

Tukatoka. Mama mkwe alisimama ukumbini, akakunja karatasi yake, akaitia mkobani.

"Wameniuliza kila siku kama nimemeza dawa," akasema. "Hakuna mtu ameniuliza napika na nini."

Nilidhani tunaondoka. Badala yake alilitazama lile benchi refu ambalo sisi wenyewe tumelikalia sana. Lilikuwa limejaa akina mama wa umri wake, vitambaa vya kanisa vichwani, mikoba mapajani. Akaenda akaketi kando ya mmoja aliyekuja na binti yake. Wakaamkuana, wakaulizana nyumbani, mvua, mahindi.

"Wewe pia ni presha?" mama mkwe akamuuliza.

"Ni hiyo. Na sasa ati figo."

"Walikuambia uache chumvi?"

"Waliniambia. Nikaacha."

"Na mboga unapikia nini?"

Yule mama akamtazama kama mtu aliyeulizwa jua huchomoza wapi. "Si ni munyu."

Binti yake aliinua kichwa kutoka kwenye simu. Alikuwa ameshika karatasi ya vipimo, na kutoka pale niliposimama niliuona mshale.

"Sogea, mama," mama mkwe akaniambia, akipigapiga benchi ubavuni mwake. "Njoo ukae. Hatuendi sasa hivi."